Ndugu yako kafikishwa mahakamani Same: hakimu anatakiwa afanye nini kabla ya kusema "rumande"?

Chukua mfano huu. Kijana wa Gonja kakamatwa Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi mama yake kapanda basi la kwanza, kashuka mlimani mpaka Same mjini, kaingia mahakamani. Kesi inaitwa, inasomwa, na dakika tano haziishi kijana anarudishwa mahabusu. Mama anamuuliza karani, "Kimeamuliwa nini?" Anajibiwa, "Rumande mama, tarehe nyingine."

Wengi wakifika hapo hukata tamaa na kurudi nyumbani. Wanadhani polisi wakishamleta mtu, kazi ya hakimu ni kugonga muhuri tu.

Sivyo. Katika dakika zile tano hakimu ana majukumu anayopewa na Katiba na sheria. Akiyatimiza, mtu anaweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akiyaruka, mtu asiye na hatia anaweza kukaa ndani kwa miezi. Tuyapitie moja baada ya jingine.

Kwanza: mtu anafikaje mbele ya hakimu?

Sheria kuu hapa ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ya mwaka 1985. Inaongoza mahakama za wilaya na za hakimu mkazi. Mahakama za mwanzo zina kanuni zao ndani ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11.

Mtu akikamatwa bila hati ya mahakama, kipimo cha kwanza ni saa 24. Kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya muda huo, mkuu wa kituo anatakiwa kuchunguza shauri na kumwachia kwa dhamana ya polisi, isipokuwa kosa lionekane ni kubwa. Akibaki ndani, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo.

Kwa makosa ya uhujumu uchumi, kama kukutwa na nyara za Serikali (jambo linalojulikana kwa wanaoishi pembezoni mwa Hifadhi ya Mkomazi), sheria yake inataja saa 48.

Kuna kifungu kingine ambacho wengi hawakijui. Mkuu wa kituo cha polisi anatakiwa kumtaarifu hakimu wa karibu, ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo, kuhusu kila mtu aliyekamatwa bila hati, awe kapewa dhamana au bado yuko ndani. Maana yake hakimu hatakiwi kusubiri mpaka mtu aletwe. Anatakiwa ajue nani yuko lokapu.

Kazi ya 1: Kuhakikisha mtuhumiwa anaelewa kinachosemwa

Shtaka lazima lisomwe na lielezwe kwa lugha anayoielewa mtuhumiwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na hilo limesaidia sana.

Lakini Same ina wazee wa milimani wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kipare, na wafugaji wa tambarare wanaozungumza Kimaasai. Kama mtu haelewi vizuri, sheria inataka awepo mkalimani. Mtuhumiwa asione haya kusema, "Mheshimiwa, sijaelewa." Ni haki yake.

Hakimu pia anatakiwa kuwa makini na neno "ndiyo". Mtu aliyelala selo siku tatu anaweza kusema "ndiyo" kwa woga, au akidhani anaulizwa kama jina ni lake. Akikiri, hakimu anatakiwa kuandika maneno yake karibu kabisa na alivyoyatamka, na kujiridhisha kwamba anakiri kosa lote. Mtu akisema "ndiyo nilichukua, ila mbuzi ni wangu", huyo hajakiri wizi.

Kazi ya 2: Kuangalia kama mahakama ina mamlaka

Si kila kesi inayosomwa mbele ya hakimu inaweza kusikilizwa na hakimu huyo. Mfano ni mauaji. Mtuhumiwa hufikishwa kwanza Mahakama ya Wilaya, lakini kesi yenyewe husikilizwa na Mahakama Kuu, na kwa watu wa Same hiyo iko Moshi, karibu kilomita 100 kwa barabara.

Katika kesi ya namna hiyo hakimu anatakiwa:

- kusoma na kueleza shtaka;
- kutomtaka mtuhumiwa ajibu kama ni kweli au si kweli;
- kumweleza kwamba hiyo siyo siku ya kesi yake, na kwamba ushahidi na utetezi vitasikilizwa Mahakama Kuu ikifikia huko.

Ndiyo maana ndugu wengi huona hakimu "anaahirisha tu". Hana uwezo wa kusikiliza. Hata hivyo anao uwezo wa kuuliza upelelezi umefikia wapi, na kuandika jibu analopewa.

Kazi ya 3: Kuamua dhamana

Hapa ndipo penye uzito.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu. Mwaka 1991, katika kesi ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani iliunganisha haki hizo na dhamana, na ikabatilisha kifungu kilichowanyima watu dhamana bila utaratibu wa haki.

Kwa hiyo, kama kosa lina dhamana, hakimu haanzi na rumande. Anaanza na swali: je, kuna sababu ya kumnyima? Anaangalia mambo kama:

- Atarudi mahakamani tarehe ikifika?
- Ataingilia mashahidi au ushahidi?
- Aliwahi kupewa dhamana akatoroka?
- Usalama wake mwenyewe ukoje akirudi kijijini leo?

Swali la mwisho lina maana sana vijijini. Kukiwa na hasira kali dhidi ya mtuhumiwa, sheria inaruhusu abaki ndani kwa ajili ya ulinzi wake. Lakini hakimu anatakiwa aone sababu ya kweli, si fununu.

Akikataa dhamana, aandike sababu. "Nimekataa" peke yake haitoshi, kwa sababu uamuzi huo unaweza kupelekwa Mahakama Kuu, na huko watataka kusoma sababu.

Makosa yasiyo na dhamana

Orodha ipo kwenye sheria. Miongoni mwake ni mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na usafirishaji haramu wa binadamu, pamoja na baadhi ya makosa ya dawa za kulevya.

Mei 2020 Mahakama Kuu iliwahi kusema kifungu chenye orodha hiyo kinakwenda kinyume na Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Dickson Sanga. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo orodha ikaendelea kutumika.

Jambo lililobadilika ni hati ya DPP. Zamani Mkurugenzi wa Mashtaka aliweza kuzuia dhamana kwa hati tu chini ya kifungu cha 148(4) cha Sura ya 20, na hakimu akafungwa mikono. Kifungu hicho kilibatilishwa katika kesi ya Jeremia Mtobesya, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo.

Vipi kuhusu mirungi?

Swali hili haliepukiki Upare. Mirungi imelimwa kwenye baadhi ya milima ya Same kwa miaka mingi, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefanya operesheni za kung'oa mashamba.

Mirungi ni dawa ya kulevya kisheria. Lakini dhamana inategemea aina ya kosa na uzito wa mzigo uliotajwa kwenye hati ya mashtaka. Kwa hiyo hakimu asitosheke na neno "mirungi". Asome uzito, kisha aangalie sheria inasemaje juu ya uzito huo. Na wewe ndugu, hilo ndilo la kwanza kumuuliza wakili au msaidizi wa kisheria.

Kazi ya 4: Masharti yanayowezekana

Dhamana inaweza kutolewa kwa maneno na bado mtu akalala ndani. Vipi? Kwa kuwekewa masharti ambayo ndugu zake hawawezi kuyatimiza.

Sheria inasema kiasi cha dhamana kilingane na mazingira ya kesi na kisipite kiasi. Ukimwambia mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba alete mdhamini mwenye hati ya nyumba mjini, kwa kesi ya kugombana kilabuni, umemnyima dhamana kwa mlango wa nyuma.

Masharti yakiwa magumu kupita kiasi, mtuhumiwa anaweza kumuomba hakimu huyo huyo ayalegeze. Akikataa, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuyapitia.

Na tusisitize: dhamana ni bure. Kiasi kinachotajwa kwenye bondi kwa kawaida ni ahadi ya kulipa mtuhumiwa akitoroka. Pale mahakama inapoagiza fedha taslimu ziwekwe, zinawekwa rasmi kwa utaratibu wa Serikali na unapewa stakabadhi. Anayekuomba "hela ya kumtoa" pembeni, anakuibia.

Kazi ya 5: Kupanga tarehe, tena ya karibu

Kama mtu anapelekwa rumande, kesi haiwezi kuahirishwa kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Akiwa nje kwa dhamana, ni siku 30. Siku ya kwanza ya kuhesabu ni kesho yake: kesi ikiahirishwa Juni 2, anza kuhesabu Juni 3.

Kwa nini siku 15? Ili mtu asisahaulike ndani. Kila anapoletwa, hakimu anapata nafasi ya kumwona, kuuliza upelelezi umefika wapi, na kujiuliza upya kama bado kuna sababu ya kumshikilia. Hakimu anayeandika "upelelezi haujakamilika" mara nane bila swali lolote anakuwa ameipoteza nafasi hiyo mara nane.

Kazi ya 6: Kusema "imetosha"

Kwa makosa mengi ambayo mahakama za chini zina mamlaka ya kuyasikiliza, uahirishaji wote ukijumlishwa hautakiwi kupita siku 60. Kuongeza muda kunahitaji hati, kwa ngazi:

1. Hati ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa: siku 60 nyingine.
2. Hati ya Wakili wa Serikali: siku 60 zaidi.
3. Hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka: kwa vyovyote jumla isizidi miezi 24.

Hati isipoletwa, hakimu aanze kusikiliza kesi. Upande wa mashtaka ukishindwa kuendelea, amwachie mtuhumiwa. Kuachiwa huku si kushinda kesi, maana anaweza kushtakiwa tena ushahidi ukipatikana. Lakini halali ndani akisubiri karatasi.

Angalizo: utaratibu huu wa siku 60 hauhusu makosa yote. Baadhi, kama ya udanganyifu na kughushi, yametolewa, na hauhusu kesi za Mahakama Kuu kama mauaji.

Mwaka 2022 Bunge liliongeza sharti jingine: kwa makosa ya kawaida, mashtaka yasifunguliwe mpaka upelelezi ukamilike. Makosa makubwa na yale ya Mahakama Kuu hayamo. Kwa hiyo kesi ndogo ikisomwa kisha mwendesha mashtaka akasema "upelelezi haujakamilika", una haki ya kuuliza kwa nini imeletwa.

Kazi ya 7: Kumtazama mtu, si jalada tu

Katiba inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa, hata akiwa chini ya upelelezi. Sheria inaweka pia muda wa polisi kumhoji: saa nne za msingi, zinazoweza kuongezwa hadi nane nyingine. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo yanaweza kukataliwa kesi ikisikilizwa.

Mtuhumiwa akisema "nimepigwa", hakimu hatakiwi kusema "utasema siku ya kesi". Anatakiwa ayaandike maneno hayo kwenye mwenendo wa shauri siku hiyo hiyo, aandike majeraha anayoyaona, na aagize mtu apelekwe hospitali. Maandishi ya siku ya kwanza yana nguvu. Mwaka ukipita kovu limepona, na bila maandishi linabaki neno la mtu mmoja dhidi ya jingine.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo ana kazi ya ziada kama mlinzi wa amani. Polisi wanaweza kumpelekea mtuhumiwa anayetaka kukiri. Kabla ya kuandika chochote, anatakiwa kumuuliza kama ametishwa au ameahidiwa kitu, kumkagua mwilini, na kumwambia halazimishwi kusema.

Akiwa mtoto

Chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kesi yake iende Mahakama ya Watoto, isikilizwe faragha, na ofisa ustawi wa jamii ahusishwe. Asichanganywe na watu wazima. Akikosa dhamana, anapelekwa mahabusu ya watoto, na Kilimanjaro ipo Moshi.

Umri ukibishaniwa, hakimu auchunguze kabla ya kusaini hati ya rumande. Mzazi, beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au cheti cha shule.

Na saa 48 za Mkuu wa Wilaya?

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe inapokuwepo hatari ya kuvunjika kwa amani ambayo haiwezi kuzuiwa kwa njia nyingine. Siyo adhabu, wala si dawa ya mtu mbishi kwenye mkutano wa hadhara.

Sababu ziandikwe. Ndani ya saa 48 mtu afikishwe mahakamani, la sivyo aachiwe. Akiletwa, hakimu anatakiwa kuuliza kama hakuna aliyemtuma: kosa ni lipi, na ushahidi uko wapi?

Upare una kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru. Enzi hizo za ukoloni ofisa wa wilaya alikuwa mtawala na wakati huo huo alikuwa na mamlaka ya hakimu. Aliyeagiza ukamatwe angeweza kuwa ndiye anayekuhukumu. Leo Katiba, ibara za 107A na 107B, inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki na uhuru wa kuamua. Uhuru huo unapimwa kwenye kesi ndogo za asubuhi ambazo hakuna mwandishi wa habari anayeziandika.

Ukifika mahakamani: fanya haya

- Fika mapema. Ukitoka Vunta, Chome au Suji, jua usafiri wa mlimani haukusubiri. Ikiwezekana lala mjini.
- Beba barua ya mtendaji wa kijiji au kata, na kitambulisho cha NIDA. Wadhamini wawe wawili, hata kama hujajua masharti.
- Andika: namba ya kesi, jina la hakimu, kosa, na tarehe ya kurudi.
- Mwambie ndugu yako aseme kama ni mgonjwa, anatumia dawa, au amepigwa. Hakimu akiuliza "una la kusema?", hapo ndipo pa kusema.
- Hesabu siku. Kumi na tano, kisha sitini.
- Omba msaada wa kisheria. Sheria ya mwaka 2017 inamruhusu hakimu kuelekeza mtuhumiwa asiye na uwezo apatiwe msaada huo pale haki inapodai. Uliza pia Halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Maswali ya haraka

*Hakimu akikataa dhamana, niende wapi?*
Mahakama Kuu, Moshi. Omba nakala ya uamuzi kwanza.

*Ndugu yangu yuko polisi siku ya tano, hajaletwa mahakamani.*
Nenda kituoni ukaulize kosa na dhamana. Ukikwama, muone mkuu wa polisi wa wilaya au ofisi ya mashtaka. Njia ya mwisho ni maombi Mahakama Kuu ya kuamuru aletwe mbele ya jaji au aachiwe.

*Naweza kuongea mahakamani?*
Ndugu hazungumzii kesi, ila mdhamini huitwa na kuulizwa. Jibu kwa ufupi na ukweli.

*Namba za vifungu nilizosoma zamani ni zile zile?*
Si lazima. Toleo jipya la Sheria lililoanza kutumika Julai 1, 2025 limebadili baadhi ya namba. Uliza kwa jina la sheria na jambo lenyewe.

Kumbuka

Yule mama wa Gonja hakuwa na haja ya kujua sheria yote. Alihitaji maswali matatu tu: kosa lina dhamana? Kama lina, kwa nini amenyimwa, au masharti ni yapi? Tarehe ya kurudi ni lini, na ni ndani ya siku 15?

Majibu yote matatu yanatakiwa kuwemo kwenye maandishi ya hakimu. Yasipokuwemo, una haki ya kuuliza, kwa heshima, siku hiyo hiyo, kabla basi la kupanda mlimani halijaondoka.